SOMO: Kupaka aktini kwa faloidini bila kuishia gizani

Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena inboksi. Aktini ni protini inayojenga nyuzi zinazoipa seli umbo, na faloidini ni dawa yenye rangi inayong'aa inayoshika nyuzi hizo uzione kwenye hadubini. Kila mara mtu ananitumia picha nyeusi tii halafu ananiambia "nimenyamazisha CFL1, aktini imepotea". Haijapotea. Jeni ya CFL1 inatoa protini iitwayo kofilini, na kofilini kazi yake ni kukata nyuzi za aktini zilizozeeka ili vipande vitumike tena kule mbele seli inakoelekea, sasa ukiinyamazisha (yaani ukiizuia jeni isitoe protini yake) nyuzi zinarundikana, yaani ungetegemea mwanga uongezeke. Picha ikiwa giza, angalia mikono yako kwanza.

1. Otesha seli juu ya kioo chembamba, zisijae. Zikibanana hutaona ukingo unaosogea.

2. Suuza kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) ya uvuguvugu mara mbili, mwagia pembeni polepole.

3. Kufiksi, yaani kuzigandisha seli zibaki kama zilivyo. Hapa ndipo nilipoumia. Mimi nimetoka kwenye benchi la malaria, mkono wangu umezoea kwamba slaidi nyembamba ya damu inafiksiwa kwa methanoli kabla ya rangi ya Giemsa, basi siku ya kwanza nikachovya vioo vyangu kwenye methanoli baridi bila hata kufikiri. DAPI, rangi ya viini, ikatoka vizuri kabisa, viini vya bluu vimejipanga, lakini upande wa kijani ukungu tu kama moshi wa jikoni, hakuna hata uzi mmoja. Nikaongeza faloidini maradufu, na mnajua bei yake, bado. Wiki tatu zikaisha hivyo. Shida ni kwamba faloidini haishiki aktini mojamoja, inajibana pale vipande vinapokutana ndani ya uzi mzima, na methanoli inauvuruga uzi huo, kwa hiyo inakosa pa kushika. Tumia paraformaldehidi (PFA) 4% ndani ya PBS, dakika 10 hadi 15, joto la chumba, ndani ya kabati la kuvuta hewa.
ONYO: fomalini ya chupa ya 37% mara nyingi imetiwa methanoli 10 hadi 15% ili isiharibike. SOMA LEBO.
ONYO: ukishatumia methanoli kioo hicho hakirudi, anza upya.

4. Suuza mara tatu.

5. Triton X-100 0.1% (sabuni inayotoboa utando wa seli), dakika 5. Suuza.

6. Faloidini: weka tone juu ya Parafilm (utando wa nta usioloa), lala kioo juu yake uso chini, dakika 20 hadi 30, ndani ya boksi lenye tishu iliyoloa, funika na foili.

7. DAPI dakika 5, suuza, bandika kwenye slaidi.

MASWALI

Kijana_Mbarara: boss nimefuata kila kitu mbona sioni kitu
Mwandishi: Umefiksi na nini?
Kijana_Mbarara: fomalini ya histo, ya maabara ya tishu
Mwandishi: Lebo inasemaje?
Kijana_Mbarara: methanoli iko ndani 10%. ila mwenzangu alitumia hiyohiyo akaona
Mwandishi: Wewe hujaona. Hatua ya 3, herufi kubwa.

Binti_Gulu: Mwalimu shikamoo. Faloidini yetu yenyewe imekuja imeyeyushwa kwenye methanoli, haitaharibu? Na pia najiuliza, kama kofilini inakaa juu ya uzi uleule, hazigombanii nafasi?
Mwandishi: Marahaba nnyabo, hilo la pili nimelisubiri muda mrefu. La kwanza: ukishaipunguza kwa bafa methanoli inabaki kidogo, na seli tayari zimefiksiwa, usiwe na wasiwasi. La pili: ndiyo, zinagombana. Kofilini ikijaa kwenye uzi inausokota zaidi, na uzi uliosokotwa hivyo faloidini haiushiki. Kwenye niuroni zilizopata msongo kofilini na aktini zinajipanga kuwa vijiti vinene, faloidini inavipita kama havipo, kumbe aktini imejaa humo. Kwa hiyo andaa vioo viwili, kimoja cha faloidini na kingine cha kingamwili ya kofilini. Na tena usipime kofilini ya jumla peke yake. Kimeng'enya LIMK1 kinaibandika fosfati kwenye serini ya 3 (amino asidi ya tatu), kofilini inalala, halafu kimeng'enya kingine, Slingshot, kinaibandua inaamka. Protini nzima ni amino asidi 166 na swichi yenyewe iko mwanzoni kabisa. Seli inaweza kuwa na kofilini tele na yote imelala, haikati kitu, ndiyo maana tafuta pia kingamwili inayotambua ile yenye fosfati. Ukipata picha nitumie, nitaziangalia moja moja.
Binti_Gulu: Asante sana Mwalimu, nilikuwa napima ya jumla tu.

Labu_Jinja: mimi kingo za kioo nazifunga kwa kyuteksi isiyo na rangi, ya sokoni tu, inakubali
Mwandishi: Inakubali, ila iache ikauke kabisa gizani kabla hujaweka kwenye hadubini, lenzi ikigusa kyuteksi mbichi ni hasara. Na kama seli zako zina GFP (protini inayong'aa kijani) tafuta kitu kingine, viyeyusho vyake vinaififisha.

Labu_Jinja: na stima ikikatika katikati ya kupiga picha?
Mwandishi: Kama taa yako ni ya zebaki usiiwashe stima ikirudi tu. Ngoja ipoe, nusu saa. Slaidi irudishe kwenye foili.
Kijana_Mbarara: nimepata PFA isiyo na methanoli, naanza kesho asubuhi
Mwandishi: Vizuri. Weka na kioo kimoja cha seli ambazo hujanyamazisha kitu, upige zote kwa mwanga uleule.