Somo: Kuchagua vifaa vya safari kwa bei nafuu, kwa anayeanzia Kigoma

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanachama wanaojiandaa kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwa boti ya abiria kutoka Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma, na kisha kupanda milima kwa miguu, ingawa atakayekwenda Mahale au kupita mapori ya miombo kuelekea Tabora naye atapata humu la kumfaa. Nimewaongoza wanafunzi katika safari hizo kwa miaka kadhaa, na nimeona kuwa huku kwetu adui wa kwanza wa mzigo ni maji. Gombe haifikiki kwa barabara, boti hujaa watu na magunia, mawimbi hurusha maji hadi ndani, na vijiji vingi vya mwambao havina gati, hivyo abiria hushuka majini na kutembea hadi nchi kavu akiwa na begi kichwani. Kwa sababu hiyo, kila kifaa ninachokishika sokoni hukiuliza kwanza: nikikuloweka, utakuwaje?

Hatua ya kwanza: Iandike safari kabla ya kuandika orodha ya manunuzi

Andika utalala wapi, siku ngapi, na mwezi gani. Kuanzia Novemba hadi Aprili tegemea mvua na njia zenye utelezi. Kuanzia Mei hadi Oktoba tegemea vumbi na jua. Ukishaandika hayo, pitia nyumba yako mwenyewe kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa shuka, kanga, kisu, ndala na chupa ya maji huenda tayari unavyo. Kanga peke yake ni taulo, shuka, kilemba cha jua, kamba na kata ya kubebea mzigo.

Hatua ya pili: Viatu

Hapa ndipo fedha inapostahili kwenda. Nikiwa na shilingi 100,000 za kununulia kila kitu, hutenga si chini ya 40,000 kwa viatu, kwa kuwa njia za Gombe huanzia ufukweni, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima unaozikabili hupita mita 1,500, tena kwa mwinuko mkali.

Buti za mtumba ni ununuzi mzuri, na mara nyingi hushinda mpya za bei hiyo hiyo, ila zina kasoro moja isiyoonekana kwa macho. Lile tabaka laini lililo baina ya ngozi ya kiatu na mpira wa kukanyagia mara nyingi hutengenezwa kwa poliurethani, ambayo unyevu wa hewa huivunjavunja polepole hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti iliyokaa miaka kumi inaweza kung'aa kama mpya, kisha ikamomonyoka kama keki katika saa ya kwanza ya kupanda. Yalinipata mimi mwenyewe: nilinunua jozi nzuri, nikaringa nayo botini mbele ya wanafunzi, na kabla ya saa sita mchana soli ya kulia ilikuwa inapiga makofi kila nilipoinua mguu. Niliteremka nikiwa nimeifunga kwa kipande cha kanga, na wanafunzi hawajaisahau siku ile.

Kwa hiyo bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba pande zote. Likibaki na shimo, likinata au likitoa unga, rudisha kiatu mezani hata kama bei imeshushwa nusu. Kikunje mara kadhaa mbele ya muuzaji. Anayejua mali yake ni nzima hatakasirika. Nenda kujaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazosafiri nazo, kisha simama mahali penye mteremko uone kama vidole vinagonga mbele. Vikigonga dukani, huko mlimani kucha zitageuka nyeusi.

Hatua ya tatu: Begi na kinga yake

Begi la lita 30 hadi 40 linatosha safari ya siku tatu. Lisiwe na mikanda ya mabegani tu, bali liwe na mkanda mpana wa kiunoni, kwa sababu uzito unapaswa kubebwa na nyonga. Kagua zipu kabla ya kitambaa: ivute ukiwa umelijaza begi, maana zipu nyingi huteleza vizuri zikiwa tupu na hugoma zikibanwa. Mshono wa mkanda ukiwa umelegea, fundi cherehani ataushona upya kwa fedha kidogo, lakini kubadilisha zipu nzima kunaweza kukaribia bei ya begi.

Usilipe zaidi kwa sababu umeambiwa begi halipitishi maji, kwani mengi hupitisha kwenye mishono. Zamani tulifunga nguo katika mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Badala yake, simu, vyeti na dawa viweke katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na nguo uzifunge katika kipande cha turubai jepesi, kilichokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa kamba.

Hatua ya nne: Nguo

Acha jinzi nyumbani. Ikilowa huwa nzito na haikauki hadi kesho yake. Suruali ya mtumba yenye nailoni au poliesta hukauka ukiwa unaitembelea. Anayekwenda kwenye miombo aepuke bluu iliyokolea na nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o, na kitambaa chembamba hakizuii mdomo wao. Koti la mvua la mtumba ligeuze ndani nje: utando ukinata au ukibanduka, hilo halitakukinga tena. Ongeza barakoa, kwa kuwa mafua yetu huambukiza sokwe na anayewasogelea hutakiwa kuivaa.

Hatua ya tano: Mwanga na maji

Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi, kwa kuwa anayeshuka botini usiku anahitaji mikono yote miwili. Maji hubebwa kwa hesabu: lita moja ni kilo moja, hivyo chukua chupa mbili za lita moja moja na dawa ya klorini ya kutibia maji, usijitwishe dumu la lita 5.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nimezoea katambuga, hizi ndala za matairi, je, hazitoshi?

Marahaba. Zinatosha kabisa botini, ufukweni na kwenye njia kavu ya tambarare, na mimi huzibeba kama viatu vya pili. Katika mteremko wenye utelezi mguu huteleza ndani ya katambuga yenyewe, na siafu hawana kizuizi chochote.

Mwalimu, jaketi okozi ninunue au nitegemee la boti?

Dada yangu, uliza kabla ya kulipa nauli. Kama hakuna lako, subiri boti nyingine. Ukiamua kununua, usichukue lililochanika au lenye sponji iliyokakamaa, na usome uzito wa mwili ulioandikwa ndani, kwani la mtu mzima humponyoka mtoto.

Nimeuziwa pawabenki, betri ya kuchajia simu, iliyoandikwa milliampia-saa 50,000 lakini ni nyepesi kama sabuni ya kuogea. Nimeibiwa?

Pole, ndugu yangu, umeibiwa. Betri moja ya mviringo ya aina inayotumika humo, yenye uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, hubeba milliampia-saa zisizozidi 3,500 hivi, kwa hiyo hata 20,000 za kweli haziwezi kuwa chini ya gramu 250. Pima mkononi kabla ya kusoma maandishi.

Shikamoo. Marehemu baba aliniachia buti za ngozi, zimekaa sandukuni miaka mingi. Nizivae Gombe?

Marahaba, mwanangu. Zivae kwanza wiki mbili ukienda sokoni na kurudi. Kama soli itaachia, na iachie Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, ambako fundi viatu yupo.