SOMO: Pikipiki yako imeitwa na kiwanda, imerudi kutoka kwa wakala na majeraha. Fanya hivi

Mwangaluka wadau. Nina kijiwe cha bodaboda Buzuruga, Mwanza, ninaendesha yangu mwenyewe, na wiki hii nimeshapigiwa simu na watu sita wenye swali lile lile. Naliandika hapa mara moja. Atakayenipigia tena namtumia uzi huu na kukata simu.

Kwanza tuelewane. Kiwanda kikigundua kasoro kwenye toleo fulani kinaziita pikipiki zote za toleo hilo zirudi kwa wakala zikarekebishwe. Kijiweni tunaita rikoli. Kazi ni bure, na wito unafuata namba ya chasisi, haumfuati mtu. Hata kama uliinunua mkononi Igoma kwa mtu wa tatu, ikiwa chasisi yako imo kwenye orodha, unahudumiwa. Usimlipe mtu hata "hela ya soda".

Yangu iliitwa kubadilishwa rektifaya (kile kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) na kipande cha waya kinachopita chini ya tanki. Ilikwenda nzima. Ilirudi na tanki lenye mkwaruzo, kava la kulia limekatika sikio, na ugonjwa mmoja ambao nitausimulia kwenye hatua ya 4, maana huo ndio ulionifundisha yote haya.

1. Ioshe, kisha ipige picha. Pande zote, tanki kwa karibu, makava, namba ya chasisi, odometa ikiwa imewashwa. Ongeza video fupi ikinguruma. Jitumie WhatsApp ili tarehe ibaki.

2. Dai jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya wakala, kabla hujakabidhi ufunguo. Iandikwe tarehe, kilomita, kazi itakayofanywa, na mikwaruzo ya zamani. Ndiyo, ya zamani pia. Ukiificha watakuja kukuonyesha wao, na hapo hata ile mipya hutaaminika. Chukua nakala, au ipige picha ikiwa na mhuri.

3. Nenda kuichukua mchana. Ile karatasi ya mwisho huwa ina sentensi ya kwamba umepokea chombo kikiwa katika hali nzuri, na wanakupa kalamu kabla hujaiona pikipiki. Kagua kwanza. Iwashe, iache kwenye sailensa, yaani ingurume polepole bila kuivuta moto, kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Injini ikipanda moshi (ikizunguka kasi zaidi) yenyewe, kuna kebo inavutwa. Ikizima, kuna waya umebanwa au umelegea. Washa taa, honi, indiketa, taa ya breki kwa mguu na kwa mkono. Angalia bomba la petroli kwenye tanki kama linatoka jasho. Shika nati ya ekseli kama walitoa tairi. Endesha kidogo, rudi, ndipo usaini. Wakikukatalia, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea, sijakagua." Maneno mawili tu.

4. Ukigundua ubovu, USIMPE FUNDI WA KIJIWENI AFUNGUE. Hapa ndipo nilipoungua. Siku mbili baada ya kuichukua ikaanza kukata fyuzi. Nikabadilisha, ikakata. Fyuzi nne kwa siku mbili. Ya mwisho ilinikatikia Usagara usiku nikitokea Kigongo na abiria nyuma, mama na kuku wake wawili, giza totoro, malori ya Shinyanga yanapita. Nikaisukuma hadi kwenye mwanga, asubuhi nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Ni fundi mzuri, sina neno naye. Akanyanyua tanki akakuta waya mpya wa rikoli umebanwa kati ya tanki na fremu, ganda limechubuka, shaba inagusa chuma. Akakata pale palipochubuka, akaunga, akazungusha utepe, fyuzi ikatulia. Nikafurahi kama mjinga. Kesho yake nikaenda kwa wakala kudai mkwaruzo, kava na hela ya fundi. Meneja akainua tanki mbele yangu, akaona utepe, akasema: "Mzee, waya huu umeshakatwa na mtu mwingine. Sisi tunajuaje nani aliubana?" Sikuwa na picha hata moja ya ule waya kabla haujakatwa. Ushahidi wangu wote niliutupa mwenyewe kwa kisu cha fundi. Mkwaruzo walinikarabatia, kava pia, kwa sababu picha za hatua ya 1 zilikuwepo. Waya, fyuzi na siku zangu tatu bila kazi, ziliishia hapo.

Kwa hiyo: iache kama ilivyo. Piga picha na video ya dalili yenyewe. Ile fyuzi iliyoungua iweke kwenye kifuko, usiitupe. Kama ni lazima ifunguliwe kwa sababu umekwama porini, rekodi video kuanzia bolti ya kwanza, na kipande kinachotolewa ukitunze. Na tafadhali, fyuzi ikikata usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara badala yake. Fyuzi ikikata ndiyo kazi yake. Ukiiziba, kinachofuata kuungua ni mkanda mzima wa nyaya, na juu yake kuna tanki la petroli.

5. Andika barua. Simu na maneno ya getini hayahesabiki. Ukurasa mmoja unatosha: lini uliipeleka, kwa kazi gani, nini kimeharibika, unataka nini, ndani ya siku ngapi. Mimi niliweka kumi na nne. Ambatisha picha na nakala ya jobu kadi. Peleka nakala mbili, moja wagonge mhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani.

Watakuambia "lakini kazi ilikuwa ya bure". Haijalishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake. Bure au si bure. Halafu ni bure kwako tu. Kwa kawaida kiwanda kinamlipa wakala.

6. Wakala akikaa kimya, panda kwa mwagizaji mkuu wa pikipiki hizo nchini, na nakala kiwandani. Taja namba ya chasisi na namba ya jobu kadi. Mawakala wengi hulegea hapa.

7. Ikishindikana, kuna Tume ya Ushindani, FCC, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Wanasimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo ndani yake mna kumlinda mlaji. Na kuna Mahakama ya Mwanzo, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Kote huko watakuuliza karatasi za hatua ya 1 hadi 5.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

—

Kisesa_Boy: Mkuu andiko refu sana. Kwa kifupi nifanyeje? Yangu wamevunja taa ya mbele.

Mleta uzi: Hatua ya 3, ya 4 na ya 5. Taa ilivunjika ukiwa bado umo getini au ulishasaini?

Kisesa_Boy: Ngoja nisome.

Furu_Mkavu: Hii si bima inalipa jamani? Mbona mnahangaika.

Mleta uzi: Bima ndogo inamlipa uliyemgonga wewe. Haimlipi wakala aliyekukwaruzia tanki.

Bosi_Nyakato: Umekubali mwenyewe kuwa fundi wako ndiye alikata waya. Sasa unamlaumu wakala kwa lipi? Ningekuwa meneja na mimi ningekukatalia.

Mleta uzi: Ndiyo maana nimeandika aya nzima, bosi. Sijasema sikukosea. Nimesema waya ulibanwa kabla fundi wangu hajaugusa, na fyuzi nne zilikatika kabla hajanyanyua tanki. Hayo mawili yanasimama pamoja.

Mama_Nansio: Habari zenu. Nina pikipiki moja anaendesha kijana huku Ukerewe. Tuliipeleka Mwanza kwa wito huo, imerudi inavuja petroli. Wakala anasema niilete tena. Nauli ya meli ya kwenda na kurudi, kijana na chombo, kila mara mimi? Na siku hizo hesabu siletewi.

Mleta uzi: Salama dada, pole. Kwanza kijana aache kuiendesha, petroli inayodondoka juu ya injini ya moto si ya kusubiri. Funga koki. Achukue video ya tone linapotokea, karibu kabisa, ionekane ni kwenye koki au kwenye mpira. Mara nyingi tanki likishatolewa, mpira wa petroli unarudishwa bila kile kibanio chake, au ringi ya koki inakuwa imekatika. Watumie wakala video kwa WhatsApp na uandike hivi: "Naomba mthibitishe kwa maandishi kama nilete chombo, na kama mtagharamia usafiri." Usipande meli kabla hawajajibu. Wakikubali, tunza tiketi zote. Wakati mwingine wanaona bora wakutumie ringi na kibanio kwa mtu anayevuka. Ukikubali hilo, jibu kwa maandishi pia kwamba umefunga kwa maelekezo yao. Hesabu za kijana ziandike kwenye daftari siku kwa siku, na daftari la miezi iliyopita usilitupe, litaonyesha siku ya kawaida huleta kiasi gani.

Mama_Nansio: Asante sana kaka. Daftari ninalo, tangu siku ya kwanza.

Mleta uzi: Wewe umetuzidi sisi wote hapa.

Sato_wa_Kayenze: Yangu ni ya mkataba, kadi ina jina la bosi. Barua naandika mimi?

Mleta uzi: Mwenye kadi ndiye mwenye mali. Aandike bosi, au akupe barua ya kukuruhusu umwakilishe pamoja na nakala ya kadi. Na mwambie bosi leo, usisubiri hadi hesabu ipungue.

Spana_Kumi: Shikamoo kaka. Nasoma ufundi VETA. Nina swali: mtu anajuaje kwamba jeraha ni la juzi na si uchakavu wa zamani? Maana wakala atasema "ilikuja hivyo".

Mleta uzi: Marahaba mdogo wangu, hili ndilo swali nililolisubiri. Angalia kichwa cha bolti. Iliyofunguliwa juzi ina mng'aro kwenye kona pale spana iliposhika, na vumbi la kuizunguka limekatika duara. Ya zamani ina vumbi lililoganda hadi kwenye kona. Plastiki iliyovunjika juzi ni nyeupe au safi kwenye mpasuko. Ya zamani imeingia uchafu na mafuta. Chuma kilichokwaruzwa wiki hii kinang'aa, cha mwezi wa mvua kina kutu. Waya uliochubuka jana shaba yake ni nyekundu, uliokaa inakuwa nyeusi au kijani. Ndiyo maana picha zipigwe mapema. Wiki tatu za mvua za Mwanza zinafuta yote hayo.

Jingine: bolti ya kumwagia oili. Samp, lile bakuli la oili chini ya injini, ni aluminiamu, bolti ni chuma. Ikikazwa kwa nguvu za kifua, meno yanayokufa ni ya samp. Ukiona inazunguka haishiki, na wao ndio wa mwisho kumwaga oili, jobu kadi itasema.

Spana_Kumi: Na rektifaya mpya naipimaje kama wameifunga sawa?

Mleta uzi: Mita kwenye betri. Injini imezimwa na imepumzika, betri nzima iwe na volti 12.5 hivi. Washa, pandisha moshi wa kati, isome 13.5 hadi 14.5 au juu kidogo. Ikibaki 12, haichaji. Ikipita 15, inaichemsha betri, zima urudi nayo.

Niliwahi_Kwa_Wakala: Nilifanya kazi kwa wakala miaka miwili, si huyo wenu. Niseme ukweli: wito ukitoka pikipiki zinajaa uani, kiwanda kinalipa muda maalumu kwa kila chombo, na wanaonyanyua matanki ni vijana wa mafunzo. Tanki linawekwa chini kwenye saruji. Njoo na boksi lako la kadibodi au gunia, mwambie fundi alilaze hapo. Na usije Jumamosi. Jumanne asubuhi uwe wa kwanza.

Mleta uzi: Gunia! Hilo naliongeza kwenye hatua ya 2. Asante mkuu.

Dagaa_Express: Nje ya mada kidogo. Nabeba samaki Kirumba kila alfajiri, maji ya barafu na chumvi yanadondokea mnyororo. Wakala anasema kutu hiyo si ya rikoli.

Mleta uzi: Hapo wakala ana haki. Weka nailoni nzito chini ya tenga, ikining'inia nje ya mnyororo. Ukimaliza suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke, paka oili.

Dagaa_Express: Oili chafu ya injini inafaa?

Niliwahi_Kwa_Wakala: Ina vyuma vilivyosagika ndani yake. Inasaga mnyororo wako polepole. Nunua oili ya gia, kidogo tu, paka upande wa ndani.

Kisesa_Boy: Nimesoma yote. Nilishasaini. Jobu kadi hawakunipa.

Mleta uzi: Umeichukua lini?

Kisesa_Boy: Jana jioni.

Mleta uzi: Basi hujachelewa. Piga picha ya taa usiku huu, usifunge nyingine. Kesho saa mbili asubuhi uwe getini, uombe nakala ya jobu kadi kabla hujataja taa.