Somo: Swichi zinazokumbuka zenyewe ndani ya chipu za mantiki zinazopangika

Somo hili ni la mtu anayejua transista inavyofanya kazi na amewahi kugusa FPGA (chipu ya mantiki ambayo mtumiaji huipanga mwenyewe baada ya kutoka kiwandani) au kusoma habari zake. Ukikuta chipu imeandikwa kwamba haisahau mpango wake umeme ukikatika, uliza kwanza: kumbukumbu hiyo imekaa wapi? Iko pembeni, ikiiamuru swichi, au swichi yenyewe ndiyo kumbukumbu? Chukua karatasi na kalamu tufuatane.

Hatua ya 1: Chora makutano

Chora nyaya nne za mlalo na nne za wima, zipishane bila kugusana. Umepata makutano 16, na kila moja ni mahali ambapo ishara inaweza kukata kona ukiweka swichi. Kwenye FPGA halisi, nyaya hizi na swichi zake hula eneo kubwa kuliko vitalu vya mantiki vyenyewe, na huchangia sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa ishara. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na kitu kidogo kama swichi.

Hatua ya 2: Weka swichi ya SRAM

Tangu XC2064 ya Xilinx, mwaka 1985, FPGA nyingi zimetumia SRAM, yaani kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote ili isisahau. Katika umbo lake rahisi, transista moja hupitisha ishara, na geti lake hushikiliwa na seli ya SRAM ambayo kwa kawaida ina transista 6. Jumla 7, kwa kuunganisha nyaya mbili tu! Umeme ukizimwa seli zote husahau, na chipu ikiwashwa hupakiwa mpango upya.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Geti likipewa volti ileile ya ishara, transista ya aina ya N haipitishi "1" kamili: hutoka imepungua kwa kiasi cha volti ya kizingiti, na inabidi saketi nyingine iinyanyue.

Hatua ya 3: Badilisha na antifyuzi

Fyuzi hukata njia, antifyuzi huifungua. Ni tabaka jembamba la kihami kati ya nyaya mbili. Ukilipiga kwa volti kubwa linatoboka na kuwa njia ya umeme milele. Actel na QuickLogic walijenga chipu za namna hii. Ni ndogo na imara, lakini ukishakosea huna pa kurudi.

Hatua ya 4: Badilisha na geti linaloelea

Hapa usikimbie. Geti linaloelea ni kipande cha kipitishi kilichozungukwa na oksidi pande zote, kama maji ndani ya mtungi uliozibwa mdomo. Elektroni zikiingia hubaki humo miaka mingi bila umeme wowote. Kahng na Sze wa Bell Labs walilieleza mwaka 1967.

Kwenye ProASIC, familia ya FPGA za Actel, transista mbili zinashirikiana geti moja linaloelea. Ndogo ni ya kuandika na kukagua, kubwa ni ya kupitisha ishara. Ukiingiza elektroni, kubwa inafunga njia, ukizitoa, inapitisha. Kwa kuwa geti lililoondolewa elektroni hubaki na chaji chanya ya kutosha, "1" inaweza kupita bila kupungua. Yaani tatizo la hatua ya 2 limetatuliwa palepale. Gharama yake ni volti kubwa za kuandikia, zinazodai oksidi nene na hatua za ziada kiwandani.

Hatua ya 5: Jaribu swichi ya ukinzani

NEC, kampuni ya Japani, walitengeneza NanoBridge: ioni za shaba husafiri ndani ya elektroliti mango (kitu kigumu kinachopitisha ioni) na kujenga daraja kati ya nyaya mbili. Ukigeuza mwelekeo wa volti, daraja linavunjika. Hukaa juu, kwenye tabaka za nyaya, kwa hiyo swichi yenyewe hailazimiki kuchukua nafasi ya transista chini.

Sasa piga hesabu. Waya wenye uwezo wa chaji wa femtofaradi 100, ukipitia swichi ya omu 1,000, hupata ucheleweshaji wa takriban nanosekunde 0.1. Swichi ikiwa ya omu 100,000, ni nanosekunde 10, na mbio zimekwisha. Upande wa pili, swichi milioni moja zilizozimwa, zisizotakiwa kupitisha ishara, kila moja omu milioni moja, zikiwekewa volti 1 zote, huvujisha ampea 1 nzima. Zikiwa za omu bilioni moja, ni miliampea 1. Tafuta pengo kubwa kati ya hali hizo mbili kabla ya kuvutiwa na kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Andika bila kusumbua majirani

Tuseme swichi hubadilika kwa volti 2. Upe mlalo uliouchagua +1.2 na wima wake −1.2, nyaya nyingine zote sifuri. Swichi uliyoilenga inaona 2.4, jirani zake wa mlalo na wima huohuo wanaona 1.2 tu, waliobaki hawaoni kitu. Lakini ishara za kila siku nazo zitaipiga swichi hiyohiyo miaka mingi, na zinaweza kuibadilisha bila wewe kutaka. NEC waliweka swichi mbili mfululizo zikielekeana kinyume, ili volti inayosukuma moja ianze kupitisha isiisukume nyingine vilevile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, MAX 10, FPGA ya Altera, ina flashi ndani, yaani kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika. Si ndiyo hii ya hatua ya 4?*
Hapana, ndugu yangu. Flashi yake huhifadhi mpango, kisha chipu ikiwashwa mpango hunakiliwa kwenye SRAM, na SRAM ndiyo inayoongoza swichi. Kumbukumbu iko pembeni.

*Mkuu, kwa nini tusitumie seli za sumaku za MRAM kama swichi moja kwa moja?*
Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 5. Ukinzani wa hali yake moja ni kama mara mbili au tatu tu ya ule wa hali nyingine. Inatosha kusomwa na saketi maalumu, haitoshi kuzuia ishara.

*Samahani mwalimu, mionzi ya anga za juu inahusikaje?*
Chembe moja ikigeuza seli ya SRAM inayoongoza njia, saketi yako imebadilika umbo, si data tu. Antifyuzi na geti linaloelea huhimili pigo hilo vizuri zaidi, na FPGA ya NanoBridge ilirushwa angani Januari 2019 kwenye setilaiti ya Japani, RAPIS-1. Ila flip-flopu za saketi yako, yaani seli ndogo zinazoshikilia data, bado zinaweza kugeuzwa, hivyo zilinde kivyake. Tena mionzi ikilimbikizana kwa muda mrefu hupunguza chaji ya geti linaloelea.

*Mimi ndiyo naanza kujifunza, napanga chipu upya mara nyingi kwa siku. Nichukue ipi?*
Chukua ya SRAM. Geti linaloelea lina kikomo cha kuandikwa upya, na utakifikia mapema kwa mazoezi ya namna hiyo. Mpango ukishatulia, na kifaa kinatakiwa kufanya kazi mara tu kinapowashwa, hapo ndipo uhamie kwenye swichi inayokumbuka.