Kabla hujanunua choo cha kuning'inia ukutani, zingatia haya

Kila anayekarabati bafu siku hizi anataka kile choo kinachoning'inia, sinki la choo limetokeza ukutani, chini peupe unapitisha dekio bila kuzunguka kitu, tanki hulioni, unaona vitufe viwili tu. Kinapendeza sikatai, na ndicho nilichomwekea mama yangu nyumbani kwake Tegeta. Kitu chenyewe wala si kipya, Geberit ya Uswisi walianza kutengeneza tanki za kuficha ukutani tangu 1964. Ila nyumba zetu, maji yetu na mafundi wetu wengi bado hawajazoeana nacho, na hapo ndipo watu wanalia. Soma kwanza, dukani utaenda kesho.

Anza na ukuta. Hiki choo hakibebwi na tofali, kinabebwa na fremu ya chuma inayosimama sakafuni na kufungwa bolti chini na nyuma, halafu bolti mbili nene zinatokeza mbele ndio sinki linavishwa hapo. Fremu nzuri utaona imeandikwa inabeba kilo 400, lakini hiyo ni kama chini kuna zege la kweli, sio skrimu laini, ile saruji nyembamba ya juu, ukiikwangua na msumari inatoka unga. Fundi akitaka kuchimba ukuta wa tofali za inchi 5 ili tanki liingie ndani, mkatalie, ukuta utabaki ganda. Jenga kiukuta kifupi mbele ya ule wa zamani, kitakula bafu kama sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo pima kabla: mlango utafunguka wote? Magoti hayatagusa ukuta wa mbele? Na sinki ulinunue pamoja na fremu, maana nafasi kati ya zile bolti mbili huwa sentimita 18 au 23, ukikosea ndio imetoka hiyo.

Kimo chake unakiamua wewe, na hii ndiyo faida yake kubwa. Masinki mengi ya kukaa yanakuja na kimo cha sentimita 40 hivi, kwa mzee mwenye magoti mabovu hapo ni chini mno, kunyanyuka ni shughuli. Mama tulimwekea 46. Lakini kipimo kinaanzia juu ya tailizi mpya, sio kwenye sakafu uliyobomoa, tailizi na udongo wake vikikaa vinakula sentimita 3 au zaidi. Mwambie fundi, halafu mwambie tena, halafu mchoree mstari ukutani kwa kalamu.

Kama nyumba ni ya Waislamu, kumbuka kibla kabla bomba la kutolea halijachimbiwa. Mtu akikaa asielekee kibla wala asikipe mgongo. Kwa Dar kibla kiko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo sinki linatakiwa litazame mashariki au magharibi. Nimeona watu wanakumbuka hili siku ya kuhamia, wanabaki wanakaa upande upande kila siku.

Shawa ya kutawazia iwe kulia kwa anayekaa, mkono wa kulia ushike shawa wa kushoto utawaze. Sakafu iwe na mteremko wa kurudisha maji kwenye tundu. Kushoto weka kishikio cha kunyanyukia. Hayo hayahitaji maelezo.

Rangi: nyeupe. Najua nyeusi imeingia na inavutia sana pale dukani kwenye taa, lakini maji yetu ya kisima yana chumvi, ndani ya wiki mbili tu sinki jeusi linakuwa na michirizi myeupe. Na kuna jambo zito zaidi, kwenye sinki jeusi huoni mkojo umebadilika rangi wala huoni damu. Mwenye sukari, mwenye presha, mtoto mwenye kichocho, wote hao wanahitaji kuona kilichotoka.

Vile vyoo vya umeme vyenye kukuosha na kukukausha vyenyewe, Wajapani wa TOTO walianza kuuza zile Washlet mwaka 1980 na kwao ni kitu cha kawaida kabisa, ila huku uliza kwanza umeme ukikatika unaflashi na nini. Kama jibu ni "kuna jenereta" achana nacho. Na kuna vile visivyo na tanki kabisa, vinategemea presha ya bomba, hivyo kwa nyumba inayokula maji ya simtanki iliyo juu ya kimnara cha mita tatu usihangaike navyo.

Sasa lililonifanya niandike yote haya ni SEHEMU YA KUFUNGULIA. Hapa nakuomba usome taratibu. Tanki liko ndani ya ukuta, halina mfuniko wa kuinua kama yale tuliyozoea. Floti inayokata maji tanki likijaa, raba ya flashi inayozuia maji yasishuke sinkini, na kivalvu cha kufungia maji vyote viko humo ndani, na njia ya kuvifikia ni moja tu, lile tundu lililo nyuma ya vitufe. Unabandua kibao cha vitufe, unaingiza mkono, unatoa floti, unatoa raba, unasafisha, unarudisha, nusu saa kazi imeisha na hakuna tailizi iliyoguswa. Ndiyo maana fremu inakuja na kiboksi cha plastiki kimechomoza mbele ya hilo tundu. Kazi yake ni kuzuia saruji isidondokee ndani na kulinda ukubwa wa tundu mpaka tailizi ziishe, ndipo kinakatwa kwa wembe sawasawa na uso wa tailizi.

Fundi wetu alikitoa siku ya kwanza. Kilimsumbua kupiga plasta. Nilikuwepo saiti, nikamwona anakitupa kwenye kifusi na nikanyamaza, nilijua ni sehemu ya kifungashio tu. Akapiga plasta, akapanga tailizi, zikabana lile tundu mpaka likabaki pa kupita mkono wa mtoto, akapachika kibao cha vitufe na kukizungushia saruji nyeupe ili kisicheze. Kwa macho ilikuwa kazi safi kabisa, mama alifurahi, majirani walikuja kuangalia.

Baada ya miezi mitano mama akaanza kulalamika maji hayakai. Simtanki ya lita 1000 iliyokuwa inamfikisha siku nne sasa haimalizi mbili. Tukamshuku dada wa kazi kwamba anafua kwa fujo, akagombezwa binti wa watu na kosa hana, nilimwomba radhi baadaye na mpaka leo inaniuma. Siku niliyolala pale, usiku nyumba imetulia, nikasikia chooni kasauti kembamba ssss, hakakatiki. Nikachukua kipande cha tishu nikakibandika ndani ya sinki, ukuta wa nyuma, juu ya maji palipoonekana pakavu. Dakika haikuisha, kimelowa mstari mmoja katikati, kama mtu kachora kwa kidole. Maji yalikuwa yanatoka tankini yanaingia sinkini mchana na usiku, membamba kiasi kwamba kwa taa huyaoni.

Choo cha kawaida ningeinua mfuniko nikatazama. Hiki nikavuta kibao, nikatia bisibisi, hakitingishiki. Kuzima maji siwezi maana valvu iko humohumo ndani na nje hakuweka nyingine. Ikabidi tufunge maji ya nyumba nzima kila usiku, mama wa miaka sabini na kitu anaamka saa kumi alfajiri anachota kwenye ndoo, na choo kipya kipo.

Tulimleta fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, akagonga gonga ukuta, akaangalia lile tundu, akasema "mwanangu hapa ni kuvunja, hamna namna". Zikavunjwa tailizi nne. Mkono ulipoingia, chini ya tanki kumelala mchanga na punje za saruji iliyokauka. Ile raba akaniwekea kiganjani, ina ukoko mweupe pembeni mzima, chumvi ya kisima ile, na mahali pamoja ina kidonda, punje ya saruji ilikuwa imekaa hapo imeinyanyua upana wa uzi. Uzi tu. Raba mpya bei yake haifiki nauli ya bajaji kwenda na kurudi. Tailizi ndizo zilitutoa jasho, zile toleo lake lilishaisha, tulizunguka Kariakoo siku mbili, mwisho tukaweka za kijivu na ndizo ziko pale mpaka leo.

Kwa hiyo shika haya. Kiboksi kisitolewe mpaka tailizi zikauke, mwandikie fundi hata kwenye meseji. Kabla hujamlipa, mwambie abandue kibao mbele yako, atoe floti na raba, arudishe, na wewe ufanye mwenyewe mara moja, kama mkono wako haupiti kazi haijaisha. Weka engo valvu, kivalvu kingine cha kufungia maji, nje ya ukuta hata kama fundi atasema inaharibu muonekano. Weka chujio kwenye bomba kabla maji hayajaingia tankini, na kama unatumia kisima toa raba uisafishe kila baada ya miezi michache, usisubiri ianze kulia. Siku ukuta uko wazi, bomba na fremu vinaonekana, piga picha na futi ikiwa imenyooshwa pale, uzitunze, siku ya kuchimba utajua bomba linapita wapi.

Kuna la chemba pia. Hizi flashi mbili zinatumia lita 3 na lita 6, wakati matanki ya zamani yalimwaga lita 9 na zaidi. Kama bomba lako la inchi 4 lina safari ndefu mpaka shimoni na lililazwa bila mteremko wa maana, maji machache hayatasukuma mzigo wote, utaishia kuita gari la maji taka wakati shimo halijajaa. Fungua chemba, mtu aflashi ndani, wewe tazama nje kinafika nini.

Kiti cha kukalia kama umbo lake si la kawaida, la pembe nne na kadhalika, nunua viwili kabisa siku hiyohiyo, na floti ya akiba na raba ya akiba. Usinunue fremu kwa mtu asiye na vipuri vyake dukani.

Kama nyumba ina choo kimoja, usiruhusu kivunjwe kabla hujapanga mtakwenda wapi, fundi akisema siku mbili weka wiki. Kikishafungwa asikalie mtu mpaka saruji ikomae, hata mtoto. Flashi mara ishirini na tishu ndani, usiku lala na kipande kikavu kimebandikwa nyuma ya sinki, asubuhi ukikikuta kikavu ndio ummalizie fundi hela yake. Risiti tunza, namba ya fundi tunza, ile karatasi yenye michoro ya fremu usiache itupwe na maboksi. Na ukuta wa upande wa pili, kama ni chumba cha kulala, usisogeze kabati hapo kwa miezi ya mwanzo, acha wazi uwe unapapasa, rangi ikianza kuvimba funga maji siku hiyohiyo.