Ng'ombe asikatwe vipande: jinsi ya kuifundisha Linux herufi zetu

Kuna siku nilituma SMS kwa wanachama wa kikundi cha wafugaji, ujumbe mmoja wa herufi kama 120 hivi kuhusu chanjo ya ng'ombe, alafu bili ikaja mara mbili ya nilivyopiga hesabu. Nikakagua namba zote, ziko sawa. Kumbe shida ni ile alama ndogo kwenye ng’ombe, nilikopi maandishi kutoka Word na Word hugeuza ' ya kawaida ikawa ’ iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya msingi ya SMS. Ikiingia hata moja tu, ujumbe unashuka kutoka nafasi 160 hadi 70, kwa hiyo wangu ukakatwa ukawa wa mbili.

Kompyuta haijui herufi ni nini, inaambiwa, na inaambiwa vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kwanza enkodingi, yaani herufi hii inaandikwa kwa baiti zipi (baiti ni zile namba ndogo kompyuta inazohifadhi). Pili uainishaji, yaani hii ni herufi ama ni alama ya uandishi, ni kubwa ama ndogo, na ndogo yake ni ipi. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, hivi viwili vinakutana mahali panaitwa LC_CTYPE, ndani ya mipangilio ya lugha, lokali.

Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, na anza kwa kuangalia uko wapi:

    locale
    locale charmap

Ya pili ikikujibu ANSI_X3.4-1968 ujue uko kwenye ASCII, zile herufi 128 za kale, na chochote cha juu ya hapo kitaharibika. Inatokea sana kwenye seva na kontena mpya. Unataka ikujibu UTF-8, ile enkodingi Ken Thompson na Rob Pike waliibuni 1992, ambayo ASCII inabaki vile ilivyo na herufi zingine zinachukua baiti mbili hadi nne.

Ebu tuone baiti zenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu weka pakeji inaitwa locales alafu:

    zgrep '<U0129>' /usr/share/i18n/charmaps/UTF-8.gz

Utaona <U0129> imeandikiwa /xc4/xa9. Hiyo ni ĩ ya Kikuyu na Kikamba, baiti mbili, C4 na A9. Programu ikizisoma kama ni Latin-1, enkodingi ya zamani ya baiti moja kwa kila herufi, itaona herufi mbili, Ä na ©, ndio maana saa ingine unafungua orodha ya majina unakuta Gĩkũyũ imekuwa GÄ©kÅ©yÅ©. Ukiona hivyo usifute wala usianze kuandika upya kwa mkono! Data haijapotea bado, imesomwa vibaya tu. Inaweza kuharibika ukii-save hivyo.

Sasa tengeneza lokali. Faili za sw_KE na sw_TZ tayari zimo ndani ya /usr/share/i18n/locales, kazi yako ni kuikompaili, yaani kuigeuza iwe ya kutumiwa na mfumo (sudo ni kuendesha amri kwa ruhusa ya msimamizi):

    sudo localedef -i sw_KE -f UTF-8 sw_KE.UTF-8
    locale -a | grep sw

-i ni faili la sheria za lugha, -f ni ramani ya baiti. Alafu export LC_CTYPE=sw_KE.UTF-8, na kumbuka LC_ALL ikiwa imewekwa inashinda zote, LC_CTYPE inashinda LANG, ile lugha ya jumla ya mfumo. Mi hupenda kubadilisha LC_CTYPE peke yake, manake namba na tarehe zikibadilika skripti za watu wengine huanguka. Kama ni seva si yako na huwezi kukompaili, jaribu C.UTF-8, mara nyingi ipo.

Pima hivi, kwa grep, amri ya kutafuta ndani ya maandishi, ambapo [[:alpha:]] maana yake ni chochote kilichoainishwa kuwa herufi:

    echo 'Gĩkũyũ' | LC_ALL=C grep -o '[[:alpha:]]*'
    echo 'Gĩkũyũ' | LC_ALL=sw_KE.UTF-8 grep -o '[[:alpha:]]*'

Ya kwanza inakupa G, k, y. Ya pili inakupa neno zima. Baiti ni zilezile, kilichobadilika ni jedwali la nani ni herufi. Na kubadilisha ndogo kuwa kubwa tumia sed, amri ya kuhariri maandishi, 's/.*/\U&/', usitumie tr, amri nyingine ya kubadilisha herufi, manake tr ya GNU, ile ya Linux nyingi, kwa miaka mingi imekuwa ikisoma baiti moja moja. Hata hili la kubwa na ndogo linategemea lugha, ukiandika iringa chini ya tr_TR.UTF-8 ya Kituruki unapata İRİNGA yenye nukta juu, na kwa Mturuki hiyo ndiyo sahihi kabisa.

Turudi kwa ng'ombe. Ukipima "ng'ombe" kwa grep ileile inatoka ng na ombe, hata ukiwa kwa UTF-8, kwa sababu ' na ’ zote ziko kwenye kundi la punct, yaani alama za uandishi. Mtu anayehesabu maneno ya Kiswahili anapata neno "ng" limejaa kila mahali na ng'ambo, ng'oa, ng'ara zote zimevunjika. Usijaribu kuisukuma ’ iingie alpha, localedef itakataa, herufi moja hairuhusiwi kuwa alpha na punct kwa pamoja. Dawa ni U+02BC (hiyo ni namba ya herufi kwenye orodha ya Unicode), ʼ, inafanana nazo kwa macho lakini yenyewe imeainishwa kuwa herufi:

    sed -E "s/([Nn][Gg])['’]([aeiouAEIOU])/\1ʼ\2/g" maneno.txt

Nimedai irabu baada yake ili alama za kunukuu zisiguswe. Nyong'o nayo inapona. Ila hii ni ya kufanyia kazi tu, ukimaliza irudishe kuwa ' ya kawaida, manake hakuna mtu atatafuta kwa ʼ kwenye kibodi yake.

Na ile ya SMS? Hapo ndio unaandika lokali yako mwenyewe. Kopi sw_KE kutoka /usr/share/i18n/locales hadi folda uliyomo, iite sw_mpya, ifungue, fungu la LC_CTYPE liwe hivi:

    LC_CTYPE
    copy "i18n"
    translit_start
    include "translit_combining";""
    <U2019> <U0027>
    <U02BC> <U0027>
    translit_end
    END LC_CTYPE

Hizo mistari zinasema herufi ikikosa nafasi unakoipeleka, iwekee ipi badala yake. Alafu:

    mkdir -p ~/lokali
    localedef -i ./sw_mpya -f UTF-8 ~/lokali/sw_mpya.UTF-8
    LOCPATH=~/lokali LC_ALL=sw_mpya.UTF-8 iconv -f UTF-8 -t ASCII//TRANSLIT ujumbe.txt > sms.txt

Amri ya mwisho, iconv, ndiyo inayogeuza enkodingi. localedef ikitoa maonyo tu na kukataa kuandika iongezee -c, ila kosa lenyewe lisome, usilinyamazishe. Hapa hauhitaji sudo. ’ inarudi kuwa ' na ĩ inakuwa i. Kwa SMS sawa, lakini orodha ya asili usiiguse, jina la mtu lina herufi zake na mwenyewe anazijua.