Mkaguzi Akipiga Hodi kwenye Nyumba ya Vichanga

Mkaguzi akija kwenye nyumba ya kulelea vichanga mchana hapa Zanzibar, kinachohesabiwa mwanzo ni vichwa. Daftari linasema wanne, mlezi anasema wanne, lakini mkekani wapo watano, kwa sababu jirani kamwacha wake "mara moja tu" akenda sokoni Darajani. Hapo ukaguzi umeshaharibika kabla faili halijafunguliwa. Kila mtoto anayevuka kizingiti aandikwe, pamoja na saa aliyoingia na mtu aliyemleta, hata akikaa nusu saa.

Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tunashikilia watoto watatu kwa mlezi mmoja, wasizidi. Sababu ni mikono: moto ukizuka jikoni, mtu mmoja anaweza kutoka na wawili mikononi na wa tatu mgongoni kwa kanga. Wa nne hana pa kushikwa. Lijaribuni hilo mapema, watoto wakiwa macho: tokeni nao mpaka uwanjani, hesabuni dakika, andikeni tarehe. Na kwa nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe, zenye ngazi zilizosimama na kiza, vichanga wawekwe chumba cha chini tu.

Mahali pa kulala

Hapa ndipo penye makosa mengi, na karibu yote yanatokana na mapenzi. Mtoto analazwa kwenye godoro laini, mto wa usufi chini ya kichwa, kanga imemfunika uso asipate mbu. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kumziba pumzi. Kichanga akizama kwenye kitu laini hana nguvu za kugeuza kichwa, na hewa aliyoitoa anaivuta tena ile ile. Mlaze chali kila usingizi, kwenye godoro gumu linaloenea kitanda bila ya upenyo pembeni. Libonyeze kwa kiganja: ukiinua mkono na alama ikabaki, halifai. Mito, midoli na mashuka yaliyolegea vitoke kitandani.

Bibi wengi huogopa kwamba akilala chali atapaliwa akicheua. Ni hofu ya kueleweka, na mlezi aweze kuijibu: mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hivyo anachokicheua humwia rahisi kukimeza tena kuliko kukivuta mapafuni. Akilala kifudifudi mambo yanageuka.

Nguzo za kitanda zipimwe kwa kopo la soda: likipita katikati, mwili wa mtoto nao unaweza kupita, kichwa kikanasa. Chandarua kifungwe kikaze, kisimwangukie usoni. Hirizi na nyuzi za shingoni zivuliwe kabla ya usingizi. Mzungumze na mama kwa adabu siku ya kwanza, mkubaliane zikae kwenye mkoba wa mtoto, asije akadhani mnadharau. Siku za kaskazi joto linapokaza, gusa kisogo cha mtoto. Kikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Feni ipepee chumba, isimlenge yeye. Anayelala aangaliwe kwa macho kila dakika 10, kifua kikionekana kupanda na kushuka, na kila mara mlezi atie alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Alama 12 zilizotiwa kwa mkupuo mmoja, kwa wino mmoja na mwandiko ulionyooka, mkaguzi anazijua.

Maziwa

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25. Vyumba vyetu hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka, kwa hivyo chukulia kwamba hayana muda wa kukaa mezani: yatoke kwenye kikapu cha barafu cha mama yaingie kwenye friji. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 au chini yake yanakaa hadi siku 4. Nunua kipimajoto kidogo cha friji na ukiweke pale pale penye maziwa, nyuma kabisa, si mlangoni. Kila chupa iwe na jina la mtoto, tarehe na saa ya kukamuliwa, yaandikwe kwenye plasta, maana kalamu juu ya plastiki yenye umande hufutika. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Andika saa ulipokatika.

Yapashe moto kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, kamwe si kwa maikrowevu, ambayo huacha sehemu moja ya vuguvugu na nyingine ya kuunguza. Jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Aliyobakisha mtoto hayarudi kwenye friji. Saa 2 tangu aanze kunywa yakipita, mwaga.

Maziwa ya kopo yana hatari yake. Unga wake hauna usalama kamili dhidi ya vijidudu, ndiyo maana maji yawe na nyuzi zisizopungua 70 unapouchanganya: chemsha, acha yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, changanya, kisha poza chupa kwenye beseni la maji baridi. Vijiko viwe vile vile vilivyoandikwa kwenye kopo. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunamnyima mtoto chakula na kunaharibu chumvi ya mwili wake.

Chini ya miezi 6 hapewi maji, wala uji mwepesi. Asali asionje kabla ya mwaka mmoja, hata kwa kuchovya kidole, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mpaka akashindwa kupumua.

Nepi na mikono

Badilisha nepi chini, juu ya mkeka wa plastiki. Mtoto aliye chini hana pa kuanguka. Pawe mbali na jiko. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, ipakwe mkekani baada ya kinyesi kufutwa, iachwe dakika 10, kisha isuuzwe. Mchanganyiko ufanywe mpya kila siku, kwa sababu nguvu yake hupotea. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ya mlezi na ya mtoto pia. Bomba likikauka, ndoo yenye koki inatosha, lakini si kata ya kuchovya. Siku za masika, magonjwa ya kuharisha yanapoenea, kosa hili ndilo linaloambukiza nyumba nzima kwa siku mbili.

Ndoo ziwe na vifuniko vya kukaza. Mtoto aliyeanza kusimama kwa kushika huinama ndani ya ndoo, kichwa kikamwelemea, na maji ya sentimita chache yanamtosha kuzama. Mafuta ya taa yasiwemo kamwe kwenye chupa ya soda. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limekwisha moshi, kwani gesi yake haina harufu.

Makaratasi

Faili la kila mtoto liwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa, namba mbili za simu, majina ya wanaoruhusiwa kumchukua pamoja na nakala za vitambulisho vyao vya Mzanzibari, na nakala ya kadi ya kliniki. Isome kadi: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua ya miezi 9 na 18. Iliyopita, mkumbushe mama na uandike kwamba umemkumbusha.

Daftari la siku lina thamani likiwa na mistari kama huu: "Saa 4:15 asubuhi, maziwa ya mama ml 90, kabakisha 20, kacheua kidogo, kalala 4:50." Neno "vizuri" peke yake halimwelezi mtu kitu.

Mvue mtoto nguo anapofika, mbele ya aliyemleta, uandike alama yoyote mwilini. Kichanga asiyetambaa hajigongi mwenyewe. Michubuko kwake inahitaji maelezo, na maelezo yakiyumba, mjulishe afisa ustawi wa wilaya au piga 116, namba ya bure ya mtoto. Dawa isitolewe bila ya maandishi ya mzazi yenye jina la dawa, kipimo na saa. Aliye chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, ukaguzi uwepo usiwepo.

Siku yenyewe

Usiwavishe watoto nguo za sikukuu wala usiwaamshe. Mkaguzi akiingia katikati ya nepi, mkaribishe kwa maneno, umalize nepi, unawe, ndipo umpe mkono. Atauliza mtoto akipaliwa mtafanyaje, na mlezi yeyote atakayeulizwa ajibu bila ya kumtazama mwenye nyumba: kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, mapigo 5 mgongoni kwa kiganja, kisha ageuzwe, abonyezwe mara 5 kifuani kwa vidole viwili, tena na tena, huku mwingine akitafuta gari.

Kabla hajaondoka, omba alichokiona kwa maandishi, kila kasoro na tarehe yake ya mwisho, mtie saini nyote wawili. Akitaka koki ibadilishwe ndani ya siku 14, ibadilishe, piga picha, uipeleke pamoja na risiti ofisini kwake bila ya kungoja arudi.