Kabla ya dripu ya kwanza, panga habari ya choo

Kama mgonjwa wako anaanza dawa za saratani na moyo wake nao una kasoro, hata ile ndogo, usingoje tumbo likaze ndipo uulize.

Beba dawa zake zote, za moyo zikiwemo, kwenye mfuko mmoja. Ondansetroni ya kuzuia kutapika hufunga choo. Mofini, ile ya maumivu makali, hufunga zaidi. Verapamili ya moyo na presha nayo imo, na vidonge vya kuongeza damu.

Uliza anywe maji kiasi gani. Kila mtu atakwambia "mengi", kumbe mwenye moyo dhaifu anayemeza furosemidi, dawa ya kukojoza, huenda amewekewa kipimo. Papai na kiburu, yaani ndizi na maharage, sawa. Atembee uani kidogo.

Dawa ya kulainisha choo idaini siku ileile mofini inapoandikwa. Shangazi yangu wa Majengo, hapa Moshi, alipewa mofini ya maji bila sena wala laktulosi. Tumbo likawa ngumu kama ngoma. Jirani akaja na bomba la kusukumia maji ya sabuni nyuma, eti lilimsaidia mkwewe. Binamu akampigia nesi kwanza, naye akang'aka: msimguse huko nyuma! Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu mara nyingi huwa chini kabisa, na mchubuko mdogo tu unaingiza vijidudu. Sisi tukibishana sebuleni, shangazi kajifungia chooni anajikamua. Tukasikia ndoo inaanguka. Komeo liko ndani, mlango ukang'olewa bawaba. Tukamkuta kaegemea ukuta, jasho la baridi, kitenge kimelowa chote. Ukibana pumzi na kukaza, damu inayorudi moyoni hupungua na presha hushuka. Mwenye dawa za moyo mwilini huanguka upesi.

Kwa hiyo komeo litoke, na pawe na kitu cha kushika.

Mafuta ya mbarika na mitishamba ya kuharisha, hapana. Kuharisha humaliza potasiamu, madini yanayoendesha mapigo ya moyo, na ikipungua huku anameza ondansetroni, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Siku 3 bila choo, piga simu. Akitapika, tumbo limevimba na hata hewa haitoki, usimpe dawa yoyote, mpeleke. Homa, vilevile. Damu kwenye choo, vilevile. Na namba ya nesi ibandikwe ukutani, maana mwenye simu siku hiyo atakuwa sokoni, na kitabu cha kliniki kiwe karibu, na hela ya bajaji pia.